Damu ya Ukoo wa Gedge

"Dada, hicho kiti ni changu."

Lorna Gedge hakugeuka. Jumamosi ile maktaba kuu ya mji wa Norwich, Uingereza, ilifurika watu waliokimbia mvua: wanafunzi, akina mama na vigari vya watoto, wazee waliokuja kusoma magazeti ya bure wakaishia kusinzia. Kila kompyuta ilikuwa na mtu.

"Kiti cha maktaba hakina mwenyewe, kaka."

"Hicho kina mwenyewe kuanzia saa tano. Clement Utting. Nimejiandikisha pale mbele, kamuulize yule mama mwenye miwani."

"Nipe dakika tano tu."

"Nimeshakupa kumi. Nimesimama hapa nyuma nakuangalia kisogo. Nani aliyekukata nywele hivyo? Mshitaki."

Hapo Lorna akageuka. Aliona mwanamume mrefu mwenye ndevu nyekundu zilizochongwa vizuri, koti la sufu la kijani, na skafu ya manjano iliyolowa mvua. Kolani zilikuwa zimenasa nywele fupi fupi nyeusi zisizo zake.

"Wewe ni kinyozi," alisema.

"Umejuaje?"

"Umevaa vichwa vya watu. Na nywele zangu nimezikata mwenyewe, kwa hiyo nishitaki mimi."

Clement alicheka kwa sauti hadi mama mwenye miwani akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Kisha macho yake yakaangukia kwenye kioo cha kompyuta, na kicheko kikakatika.

"Marlham? Watu wako ni wa Marlham? Hata bibi yangu alizaliwa kule! Hebu sogea."

Wakakalia kiti kimoja, kila mtu nusu, wakisoma sensa ya mwaka 1871. Karani wa sensa alikuwa amepita nyumba kwa nyumba katika kile kijiji cha matope, akiandika nani analala wapi, ana umri gani, anafanya kazi gani na alizaliwa wapi. Vibarua wa mashamba, wachunga ng'ombe, wajakazi wa miaka kumi na mitatu. Serikali huyafungia majina hayo miaka mia nzima, kisha huyafungulia yeyote anayetaka kuyatazama.

Mchana walikula sokoni, chini ya turubai la mistari, chipsi na njegere za kupondwa zenye siki ya mnanaa. Clement alieleza kwamba mama yake angetimiza miaka sabini mwezi wa kwanza, naye alitaka kumchorea mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa.

"Na wewe unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu," Lorna alijibu. "Napenda tu mambo ya kale."

Alisema uongo. Baba yake, Desmond Gedge, alikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa nje kidogo ya mji. Viungo vyake vilirukaruka vyenyewe usiku na mchana, maneno yalikuwa yamemwisha, na siku nyingine alimtazama binti yake kwa chuki kama mwizi aliyeingia ndani. Ni ugonjwa wa kurithi, huanza mtu akikaribia miaka arobaini au akiipita kidogo, hauna dawa, na mtoto wa mgonjwa ama ameurithi ama ameukosa, nusu kwa nusu. Lorna alikuwa na miaka thelathini na minane. Daktari alikuwa tayari kumpima wakati wowote, lakini yeye alikataa. Baba yake, alipokuwa bado anasema, aliapa kwamba watu wao wote walikufa wazee, vitandani mwao, na kwamba maradhi yake yalitokana na kuanguka kutoka kwenye trekta. Wazee hao ndio Lorna aliokuwa akiwatafuta. Kama wapo, pengine madaktari wamekosea.

Majira ya baridi yaliwakuta wakiwa wapenzi. Lorna alikuwa mshonaji wa mavazi katika jumba la maigizo, na jioni Clement alimngoja mlango wa nyuma akiwa na mifuko ya karanga moto. Siku moja, baada ya kufunga saluni yake, alimkalisha kwenye kiti cha wateja akamtengeneza nywele upya, taratibu, bila redio. Alipomaliza alimbusu shingoni.

"Bili yako hiyo, bibie."

"Unawatoza wote hivyo?"

"Yule mzee Gerald nampunguzia."

Walikuwa wakipigiana simu kwa vitu vya kijinga. "Lorna, nimeona bata amevaa kama meya." "Clem, uko kazini, nyoa watu." "Nanyoa, mpenzi. Huyu hapa anakusalimu."

Ila kwenye maktaba mambo yaliharibika kidogo kidogo. Safu ya mwisho ya sensa iliuliza kama nyumbani mna kipofu, kiziwi au kichaa. Mwaka 1871 Susanna Gedge, mke wa kibarua, alikuwa na miaka ishirini na tisa na safu yake ilikuwa tupu. Miaka kumi baadaye karani aliandika neno moja: kichaa. Mwaka 1891 hakuwepo nyumbani. Lorna alimkuta kwenye orodha ya hospitali ya vichaa, bila jina, herufi mbili tu, S. G., mke wa kibarua, mzaliwa wa Marlham. Mwanawe Robert alijaza fomu kwa mkono wake mwaka 1911, kwa sababu mwaka huo kila mwenye nyumba alijiandikia mwenyewe, na herufi zake zilitapakaa nje ya mistari kama zimeandikwa juu ya farasi anayekimbia. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Mwaka 1921 Robert hayupo tena, mkewe ndiye aliyeandikwa mkuu wa nyumba, na mtoto Wilfred, miaka tisa. Wilfred huyo ndiye babu yake Lorna, aliyetumbukia mtoni, na watu wakasema ni pombe.

Hapakuwa na wazee waliofia vitandani.

Lorna alizima kompyuta. Clement alipomuuliza amefikia wapi, alisema amechoka na maiti, waende wakanywe chai.

Clement hakuchoka. Alitaka kumfurahisha, basi akaendelea peke yake.

Jumapili ya sherehe, mama yake Clement, Bi Beryl Utting, alijaza watu na chakula mezani: nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi, kabichi, mchuzi mzito. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, gauni la zambarau na lulu za bandia. Lorna alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, kola nyeupe, na Bi Beryl alimgeuza kushoto na kulia akilisifu mshono kwa mshono. Baada ya pudini Clement alikunjua karatasi yake. Upande mmoja akina Utting, upande wa pili, kwa wino wa kijani, akina Gedge wote. Chini kabisa, majina mawili, Clement na Lorna, na nafasi nyeupe.

"Hapo wameachiwa wajukuu zangu," Bi Beryl alisema, akiigusa ile nafasi kwa kidole. "Msinicheleweshe sana, mwanangu. Magoti haya hayatangoja."

Watu wakacheka. Clement, divai imeshamchangamsha, akapiga glasi kwa kijiko.

"Jamani, mjue huyu mrembo anatoka ukoo maarufu! Kila kizazi wana kichaa wao. Susanna huyu hapa, Robert huyu hapa. Mama, nikimwoa itabidi visu tuvifungie kabatini!"

Meza nzima ilicheka tena. Lorna naye alitabasamu, akakunja kitambaa chake cha mezani, akasema anaenda msalani. Alichukua koti lake na kutoka kwa mlango wa jikoni.

Clement alipiga simu usiku huo hadi betri ya Lorna ikaisha. Kesho yake alipokea.

"Mpenzi, nimekosa nini? Kama ni ule utani, nilikuwa nimelewa. Nani hana kichaa kwao? Mjomba wangu Trevor anaongea na kabichi zake."

"Siyo utani, Clem."

"Ni nini basi? Ni mama na habari zake za wajukuu?"

Lorna alikuwa amekaa kwenye ngazi za jumba la maigizo, baridi ikimpanda miguuni. Alijua akimwambia ukweli hataondoka. Angekaa kwa wema, na miaka kumi baadaye angekuwa anamlisha mtu asiyemjua.

"Simu inakula hela, Lorna. Sema."

"Tusitafutane tena."

"Kuna mtu?" Sauti yake ilishuka. "Ni yule mwigizaji wenu mwenye masharubu? Yule unayempima kiuno kila wiki?"

Alifumba macho. "Ndiyo," alisema. "Ni yeye."

Clement akasema, "Haya. Mwambie masharubu yake yamekatwa vibaya," akakata simu.

Desmond Gedge alikufa mwezi wa pili. Chakula kilimpalia na mapafu hayakupona. Lorna alimpeleka Marlham, kanisani kwa watu wake. Waliofika walikuwa mchungaji, wauguzi wawili wa kule alikolazwa, na jirani mmoja wa zamani. Theluji iliyochanganyika na mvua ilipiga madirisha. Walipotoka na jeneza, alimwona Clement amesimama nyuma kabisa, suti nyeusi, viatu vimejaa matope, ndevu zimemzidi kama hazijaguswa wiki kadhaa.

Alingoja hadi wengine walipoondoka.

"Mama aliona tangazo gazetini. Hukuniambia hata kama baba yako yu hai."

"Asante kwa kuja."

"Yuko wapi mwigizaji wako? Siku kama hii anakuacha peke yako?"

"Hakuna mwigizaji."

"Hakuna nini?"

"Hakuwahi kuwepo, Clem. Yule wa masharubu ana mume, mwanamume mwenzake, wanaishi Ipswich." Na pale pale, kaburi likiwa bado wazi, akamwambia yote: ugonjwa ni nini, Susanna alikuwa na nini, Robert alikuwa na nini, Wilfred alienda mtoni kwa nini, na baba yake alimaliza vipi. "Na mimi labda ninao. Sijapima. Niliogopa."

Clement alimsikiliza akizitazama nyasi. Alipoinua uso ulikuwa mwekundu.

"Ukaniacha nisimame mbele ya watu nikitania maiti zako. Mimi nikicheka, wewe umekaa pale na hilo moyoni. Na ukaniacha nife kwa wivu mwezi mzima."

"Nilitaka unichukie uende zako."

"Nilikuchukia. Haikusaidia."

Alimrudisha mjini kwa gari lake. Mbele ya nyumba ya Lorna alizima injini, mikono bado iko kwenye usukani.

"Nilitaka watoto, Lorna. Nimewataka tangu nikiwa kijana. Siwezi kukaa hapa nikakwambia sivyo."

"Najua."

"Basi niache nifikiri."

Alifikiri muda mrefu. Lorna hakumpigia. Alikwenda hospitali ya Cambridge, akatoa damu, akarudi kushona. Jioni moja mwezi wa tatu simu ikalia.

"Umepima?"

"Majibu ni Alhamisi."

"Treni ya saa ngapi?"

"Clem, siyo lazima."

"Nimekuuliza saa, sijakuuliza kama ni lazima."

Ofisi ya daktari ilikuwa na viti vitatu na sanduku la karatasi laini za kufutia machozi. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, hakuzunguka. Lorna alikuwa nao. Huenda akapata miaka mingi mizuri kabla haujaanza, huenda michache. Damu haisemi ni lini. Clement aliuliza maswali yote ambayo Lorna hakuweza kuyauliza. Kisha walijikuta barabarani, wanafunzi wanawapita na baiskeli, kila mtu ana haraka yake.

Kwenye treni walikaa wakitazamana. Mashamba meusi yaliyolowa yalipita dirishani, mifereji, tena mashamba.

"Sasa umesikia," Lorna alisema. "Tukifika Norwich tuagane vizuri. Sitaki mtu anioe kwa huruma."

"Ningekuwa na huruma ningekuletea maua. Mimi nina hasira."

"Na nani?"

"Nikimjua nitakwambia."

"Siku nitakayokutukana bila kukujua?"

"Vinyozi tunatukanwa kila siku, na wateja wanatujua."

"Siku nitakayokupiga, Clem? Baba alimvunja mama mkono."

"Nitakuwa nimepigwa. Kama nitashindwa, nitakuja kukwambia nimeshindwa. Sijui nitaweza kiasi gani. Mtu hajui."

"Na watoto?"

Treni ilisimama Ely, watu wakashuka, wengine wakapanda wakikung'uta miavuli, milango ikafungwa. Mashamba yakaanza tena.

"Hilo limeniuma," Clement alisema hatimaye. "Bado linaniuma, na kuna siku litaniuma zaidi, nikiona mtu na mwanawe dukani. Sitakudanganya. Lakini niliishi bila wewe mwezi ule, na lile ndilo sikuliweza."

Kama Clement angesema halimuumi, Lorna angeshuka kituo kinachofuata peke yake. Alihama kiti, akaketi upande wake, akaegemeza kichwa kwenye koti lake la kijani lililonuka sabuni ya kunyolea.

"Mwezi wa tano," alisema.

"Mwezi wa tano nini?"

"Tuoane mwezi wa tano. Mapema hivyo, Clem. Gauni nataka nilishone mwenyewe, mikono ikiwa bado yangu."

Clement aliushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, akaugeuza, akavibusu vidole kimoja kimoja, huku mkaguzi wa tiketi akisimama kando yao, akisita, kisha akapita bila kuwauliza kitu.