Shikamoo ya Barazani

Hapa sokoni Nyakato wananiita Getruda Kiburi. Mtoto akiniamkia, namkazia macho tu mpaka aondoke. Waniite watakavyo. Nilikuwa na mdogo wangu, Paskazia, nami nilimpoteza kwa neno moja ambalo nilimhimiza mwenyewe aliseme.

Mwaka tisini na tano nilikuwa nimepunguzwa kazi kiwandani, nimeanza kuuza mitumba. Paskazia alikuwa anamaliza ualimu Butimba, miaka ishirini na miwili, na Gidion, mchumba wake, alishaleta ng'ombe kwa baba. Harusi ilibaki wiki nane. Nikamwambia, "Kabla hujafungiwa jikoni, twende tukatembee siku moja kama Wazungu." Tukachagua Bukalenge, kamji ka zamani kando ya ziwa, kenye boma la Wajerumani na maduka ya Wahindi yenye milango ya nakshi. Tuliondoka Jumamosi asubuhi kwa basi, na viazi vitamu vya kuchemsha na kamera ya kuazima.

Kamji kazuri, jamani! Mtaa mmoja tu, kuta za chokaa, juu ya kila mlango wamechonga mwaka nyumba ilipojengwa. Tulikula sato wa kukaanga. Paskazia alivaa gauni la njano nililomtolea kwenye belo langu la mitumba, akacheka tangu tushuke. Kitu kimoja tu sikukielewa: wenyeji wote walitembea upande mmoja wa barabara.

Upande wa pili, kwenye baraza ya duka lililofungwa, alikaa mzee. Mzee haswa, ngozi na mifupa, sikio la kushoto limechanika katikati. Paskazia alisogea pale nimpige picha. Kabla hajamwamkia, mzee akajikongoja, akainuka, akainama mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

Paskazia akaziba mdomo kwa kicheko. Kwetu Usukumani babu kumtania mjukuu ni jambo la kila siku. Leo anamwita mke wake, kesho bibi yake. Lakini akasita. "Dada, nitamwitikiaje? Si sawa na babu yangu huyu?"

"Mwitikie bwana!" nikasema. Mimi mwenyewe, kwa mdomo huu huu. "Utamwachaje mzee wa watu na shikamoo yake?"

"Haya. Marahaba, mjukuu wangu."

Mzee akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Nikapiga picha.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama muuza chai, jina lake Odeta. Tulipokwenda kunywa, hakututazama usoni.

"Ameitika?" akaninong'oneza.

"Ameitika. Kwani kuna nini?"

Akaimwaga chai yetu chini. "Rudini kwenu," akasema.

Kwenye basi Paskazia alimwomba kijana mmoja ampishe kiti. "Magoti yamenishika ghafla, dada," akaniambia.

Jumatatu nikamkuta na mvi tatu. Nikazing'oa. Alhamisi zilikuwa kichwa kizima. Wiki ya pili jino lake likabaki kwenye kipande cha muhogo. Hospitali, daktari alisoma kadi, akamtazama, akaniuliza nani amekosea kuandika umri. Paskazia akalia. Nilimfuta machozi kwenye mikunjo, mmoja baada ya mwingine, na moyo wangu ulikuwa unachinjwa.

Gidion alikuwa Musoma kikazi. Alirudi wiki ya nne, na kitenge kwenye mfuko wa nailoni. Paskazia alikuwa mlangoni anaota jua. Mimi nilikuwa ndani. Nilisikia yote.

"Shikamoo, bibi. Paskazia nimemkuta?"

"Marahaba, baba," mdogo wangu akajibu. "Ametoka."

Sikutoka. Sikuwa na uso wa kutokea.

Kesho yake nilimrudisha Bukalenge. Odeta alituambia dawa ni moja tu, ila hajawahi kuiona ikifaulu: Paskazia amwamkie yule, na yule aitikie. Tukavuka barabara. Barazani hapakuwa na mzee. Palisimama kijana, mabega mapana, meno meupe. Sikio la kushoto limechanika katikati.

Nikamshika Paskazia kwapani, akapiga goti.

"Shikamoo," akasema. "Shikamoo, babu. Nakuomba."

Kijana akarudi nyuma, mkono kifuani. "Hapana, bibi. Mtu mzima kama wewe kuniamkia mimi? Nitapata laana."

Alisema kwa upole kabisa. Akamwinua kwa mikono miwili, akamfuta vumbi gotini. Nikamtukana matusi yote ninayoyajua, ya Kiswahili na ya Kisukuma. Wapita njia wa ng'ambo waliangalia chini, wakaongeza mwendo.

Tulimzika wiki mbili kabla ya harusi, na gauni lake la njano. Padri alimuuliza baba kama marehemu ni mama yake mzazi.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Jumamosi iliyopita, mchana kweupe, soko limejaa, nilikuwa napanga nguo mezani. Mwanamke kijana, mtoto mgongoni, alikuwa anachagua sketi. Akaja mtoto wa kiume, miaka saba hivi, ananyonya muwa. Sijui ni watu wangapi wamemwitikia tangu Paskazia. Nililiona sikio kwanza.

"Shikamoo, mama."

Nikauma meno. Nikatazama nguo zangu.

"Shikamoo, mama," akarudia, kwa sauti ya kuonewa.

Mama kijana akaniangalia kwa chuki. "We mama vipi? Mtoto anakuamkia." Nikamrukia nimzibe mdomo. Meza ilikuwa katikati yetu.

"Marahaba, baba," akamwitikia. "Hujambo?"

Mtoto akashusha pumzi. Akanitabasamia, akaacha ganda la muwa juu ya meza yangu, akapotea kwenye watu.

Yule mama akachagua sketi mbili zaidi. Kisha akajishika kiunoni.

"Samahani, huna kigoda hapo?" akasema. "Magoti yamenishika ghafla."

Nikamsogezea kigoda. Ningemwambia nini?