Moshi wa Wimbo wa Mwisho

"Shoka, moshi usitoke! Narudia, moshi usitoke!"

Sauti ya Mkuu wake wa idara ya usalama ilikwaruza kwenye redio ndogo sikioni. Shoka alikuwa ameshaanza kukimbia, au tuseme kujikongoja. Siku tatu hajalala. Goti lilimsuta kila ngazi.

Saa kumi alasiri. Watu elfu arobaini uwanjani. Bendi ya muziki wa metali ilikuwa ikinguruma jukwaani, na zege lote likitetemeka.

"Moshi una nini?"

"Sumu. Yule mamluki aliyetuponyoka mpakani ndiye fundi wa mashine ya moshi wa jukwaani. Ataifungulia kwenye wimbo wa mwisho."

"Zimeni umeme."

"Watu watakanyagana. Milango ni minne tu."

Alilijua hilo. Uchovu ndio uliouliza.

Akainama, akaingia chini ya jukwaa. Nyaya zilitapakaa kama utumbo. Ngoma zilimgonga kifuani. Mbele yake mamluki alichuchumaa kando ya mtungi, barakoa ya gesi usoni, kidole juu ya swichi.

Shoka akachomoa bastola yake ya Glock.

Akasita. Risasi ikienda kombo, itatoboa mtungi.

Akamrukia. Wakabingirika. Kisu cha mamluki kikamchana Shoka begani, akapiga ukelele ambao hata yeye mwenyewe hakuusikia. Lakini aliibandua barakoa ya adui, ikabaki mkononi mwake.

Mamluki akaifikia swichi.

"Bonyeza!" Shoka akamfokea sikioni. "Tufe wote!"

Kidole kikaganda. Mtu yule alikuja kuua, hakuja kufa.

Kitako cha Glock kikamlaza. Shoka akamtia pingu, akakata waya, akakaza koki mpaka vidole vikafa ganzi.

Juu, mwimbaji aliinua mkono kuita moshi. Haukutoka. Akainua tena. Wapi! Akacheka, akawanyamazisha wenzake, akaugeuzia umati kipaza sauti.

Watu elfu arobaini wakaubeba wimbo bila gitaa wala ngoma.

Shoka aliegemea nguzo, akasikiliza. Macho yalimuuma.

"Mkuu, mtungi ninao. Mtu wako kalala chini ya jukwaa na pingu; mje mumchukue."

"Hongera. Pita ofisini uandike ripoti."

"Kesho."

"Shoka, ni amri."

"Kesho, Mkuu."

Akaizima redio. Alimkabidhi dereva wa idara mtungi, akajifunika koti begani kuficha damu, akashika njia ya lango la nyuma.

Mama mlinzi alimshangaa.

"Kaka, unaondoka saa hizi? Utamu wenyewe ndio huu!"

"Nimeuonja, dada."

Akaenda zake, taratibu, huku umati ukiimba nyuma yake.