Doa la Pili Ukutani

Saa 3:10 asubuhi.

Nundu aliutandaza mchoro juu ya rundo la magodoro, katika chumba cha nyuma cha duka walilopanga kwa jina la uongo. Walikuwa watatu tu. Nundu, mwenye mpango. Patasi, mtoboaji. Na Hesabu, mhadhiri aliyefukuzwa chuo. Nundu alikuwa amemwoa dada wa Hesabu.

"Nyuma ya ukuta huu kuna duka la sonara," Nundu alisema. "Sefu yake iko kwenye chumba kisicho na dirisha. Saa saba anafunga duka, anakwenda kula. Nusu saa. Tukikosea pa kutoboa, tumekwisha. Shemeji ndiye macho yetu."

Patasi akatema mate. "Wasomi bwana. Macho ya kompyuta."

Saa 5:40.

Hesabu alibandika antena kumi na mbili ukutani. Moja ilirusha mawimbi ya maikrowevu. Nyingine zikadaka yaliyogonga vitu vya upande wa pili na kutawanyika. Kompyuta ilikisia picha, ikakokotoa mawimbi ambayo picha ile ingerudisha, ikayalinganisha na yaliyodakwa, ikasahihisha kisio, ikaanza upya. Mara mia. Mara mia mbili. Vipimo vikichafuka kidogo tu, picha inakuwa uji.

"Bado?"

"Ukiiharakisha itatudanganya."

Nundu akaweka bastola mezani. "Na wewe je, utatudanganya?"

Saa 6:35.

Uji uliganda. Madoa mawili. La kwanza kali, la chuma: sefu. La pili laini, lenye maji mengi. Hesabu akapima tena. Sefu palepale. Doa la pili lilikuwa limesogea upana wa kiganja.

Akaonyesha doa kwa kidole. "Kuna mtu mle ndani. Ameegemea ukuta, kando ya sefu."

"Una hakika?"

"Sina. Lakini sefu haisogei, na hicho kimesogea."

"Weka alama pa kutoboa," Nundu alisema.

"Tuahirishe, shemeji."

"Tunaingia. Huyo hatatoka kusimulia."

Patasi aliinamisha uso, akajifanya anakaza drili.

Saa 7:02.

Sonara alikuwa ameshaondoka, lakini doa la pili lilikuwa bado mle ndani. Hesabu alishika chaki. Picha ilionyesha pia mstari mwembamba, mkali, ukutani kwenyewe: nguzo yenye nondo. Alichora msalaba juu yake, hatua mbili mbali na sefu.

Drili ikala plasta, ikala saruji, ikagonga chuma. Ikapiga yowe, ikakwama. Upande wa pili mtu akaita, "Nani huyo?" Kisha king'ora kikaanza kulia.

Nundu aligeuka taratibu. Akautazama ule msalaba wa chaki. Akainua bastola. Patasi akamsukuma mkono kwa bega, risasi ikazama kwenye magodoro.

Saa 7:20.

Polisi waliwalaza kifudifudi barabarani, pingu mgongoni. Mlango wa duka la sonara ukafunguliwa. Akatoka mwanamke wa makamo, mng'arishaji wa pete, vidole vyeusi kwa dawa ya kusugulia. Akaomba maji. Akakaa kizingitini.

Patasi alimtazama hadi alipomaliza kunywa. "Kumbe kweli," alinong'ona.

Nundu hakumtazama mwanamke. Aligeuza shavu juu ya lami, akamkazia macho Hesabu.

"Dada yako ataniletea chakula gerezani. Mimi ni mume wake. Wewe utaletewa na nani?"

Hesabu alitafuta jina la kumjibu. Hakuwa na ndugu mwingine ila dada huyo mmoja.