Mwongozaji wa Nyuma

"Niazime jina lako tu," Kiguu alisema. "Mengine niachie mimi."

"Jina langu si mwavuli."

"Nitarudi salama. Wewe ulale kwenye kibanda cha msituni, unisubiri."

"Sijawahi kumfanyia mgeni, nikufanyie wewe?"

Tulikuwa tumesimama nje ya ofisi ya vibali, foleni iko nyuma yetu, na mwanamume huyu alikuwa anioe mwezi ujao. Watu walishaalikwa. Mama alikuwa anashona gauni lake la tatu, kwa kuwa mawili ya kwanza aliyaona ya msibani.

Kiguu ni kifupi cha Kiguu na Njia. Ni fundi wa majokofu, na kazi hiyo imempa kisingizio kizuri cha kutolala mji mmoja. Mimi ni mwongozaji wa hifadhi. Kule juu msituni huingii hivi hivi. Ukungu ukishuka njia zote zinafanana, na kuna matope ya kummeza mtu mpaka kiunoni. Kwa hiyo ni lazima kibali, na kwenye kibali jina la mwongozaji likae karibu na lako. Wageni wengine wanataka kutembea wenyewe, na wapo wenzangu wanaowaazima jina: wanavuka nao geti, kisha kila mtu na lwake. Mimi naogopa. Mgeni asipotoka na wewe kwenye geti mliloingilia, unavuliwa beji, na hakuna wa kumlilia.

Nilimkatalia, akanuna. Siku nzima akawa anazunguka ua wetu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilipomuuliza ana nini hasa, alisema tangu utotoni anaambiwa kanyaga hapa, usikanyage pale. Anataka mara moja tu aende mwenyewe, kabla ya harusi. Hayo maneno, kabla ya harusi, aliyasema kama mtu anayesikia mlango unafungwa.

Tukakutana katikati. Nitamfuata, lakini kwa mbali, asinione wala asinisikie. Jioni tutakutana kibandani.

Asubuhi askari wa geti alitukagua akicheka.

"Shemeji, harusi bado, fungate mshaanza?"

Kiguu alicheka kidogo, macho yake yalikwishatangulia njiani.

Nilimwacha apotee kwenye kona ndipo nikaanza kutembea. Kumfuata mtu usiyemwona ni kazi. Unasoma majani aliyoyalaza, tope alilolikanyaga, tawi linalocheza bila upepo. Nikaona huyu hatembei, anakimbizwa. Mahali pengine hatua zake zilikuwa ndefu, mbele kidogo akawa amezunguka palepale kama aliyesahau kitu. Tulipopanda kilima chenye mtandao, simu yangu ikalia.

*Upo?*

*Nipo.*

*Basi usijibu. Nataka kujisikia peke yangu.*

Nikacheka mwenyewe. Mtu anatafuta upweke, na bado anauliza kama nipo.

Mchana nikafika njia panda. Kushoto ni kibandani. Kulia ni mteremko unaotokea barabara kuu, upande wa pili kabisa wa hifadhi. Nilitafuta nyayo zake kushoto, sikuziona. Nikarudi, nikatafuta tena, maana nilitaka sana kuziona. Zilikuwa kulia.

Nikampigia.

"Uko wapi?"

"Nakaribia kibandani."

"Unaona nini mbele yako?"

"Miti."

Nyuma ya sauti yake ikapita honi ya lori, ndefu.

Nilikata simu. Sijui nilishukaje ule mteremko. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, mkoba mgongoni, barabara iko chini yake inang'aa kama bati jipya. Hakushtuka kuniona.

"Umejuaje?"

"Kibandani hakuna malori."

Aliinamisha kichwa. "Sikupanga. Nilifika pale pa kugawanyika, miguu ikaenda."

"Miguu ya nani?"

"Usinifanyie hivyo."

"Nauliza tu. Maana ulimi ulionidanganya kwenye simu nao una mwenyewe."

Akasema ananipenda. Nikamwambia hilo najua, sijaliuliza. Akahangaika na kamba za mkoba, akazifunga, akazifungua.

"Nilitaka kujua kama bado naweza kuondoka," alisema.

"Unaweza. Barabara ile pale. Na mimi ningetokaje getini bila wewe?"

Nikamtazama usoni, nikaona jambo baya kuliko nililoliogopa. Angekuwa ameipima kazi yangu akaona si kitu, ningejua namna ya kumchukia. Hakuipima. Hata haikumjia akilini.

"Inuka," nikasema. "Nitakutoa nilikokuingizia. Ukishavuka geti, panda gari lolote unalotaka."

"Na harusi?"

"Harusi hakuna."

"Unaniacha?"

"Nakurudisha getini. Inuka, ukungu unashuka."

Njia ya kurudi nilitangulia mimi. Alizungumza na mgongo wangu mwendo wote. Alinieleza habari za baba yake aliyezeekea kwenye kiti kimoja, habari za miji ambayo hajaiona, na jinsi anavyoamka usiku moyo unamwenda kasi bila sababu. Nilimsikiliza. Namjua, na huruma ilinishika, lakini sikugeuka. Nilichomwambia ni kanyaga hapa, usikanyage pale, na alikanyaga nilipomwambia.

Tulitoka jua likielekea kuzama. Askari akataka kutania, akatutazama, akaghairi. Alinirudishia nakala ya kibali, nikamwonyesha Kiguu kituo cha mabasi kwa kidevu. Basi la mwisho lilikuwa linanguruma, kondakta anagonga bati kuita abiria. Sikungoja kuona.

Nyumbani nilimwambia mama harusi hakuna, kabla sijakaa. Aliiweka sindano chini.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwingine?"

"Hana."

"Sasa ana nini?"

"Ana miguu, mama."

Mama hakulia. Alilikunja gauni polepole, akalifunua, akalikunja tena. Akasema gauni halitupwi, watu hawaishi kuoana. Nilitaka kucheka, nikashindwa hata hilo. Nikakaa kwenye kiti cha ukutani, nikasimama, nikafungua dirisha, nikalifunga. Mimi ninayesifiwa kwa subira nilikuwa siwezi kutulia ndani ya ngozi yangu.

Simu ikatetemeka.

*Basi limeondoka.*

Sikujibu. Ikatetemeka tena.

*Sikukufikiria. Kosa langu ni hilo, si barabara.*

Nilisoma, nikaigeuza simu kifudifudi. Ilipotetemeka mara nyingine mama ndiye aliyeichukua, akaisogeza mbali na macho yake kama afanyavyo, akanisomea: *Sijapanda.*

"Nimjibu nini?" aliuliza.

"Usimjibu."

Hazikupita dakika nyingi, hodi ikabishwa. Mama alinitazama.

"Nimfungulie?"

"Muulize kwanza anaingia au anapita."

Mama akasogea mlangoni, akauliza hivyo hivyo nilivyosema, kwa sauti ya mkwe ambaye hajaamua kama ni mkwe. Nilishika kiti kwa mikono yote miwili, maana mwili mzima ulitaka kwenda mlangoni na nilishaapa mimi siendi.

Kisha kitu kizito kikaanguka kizingitini. Baada yake, kingine.

Alikuwa anavua buti.