Moto Uliovuka Shamba

Mwezi wa kumi, kijiji cha Likingo hunuka moshi. Mvua iko karibu, na kila mwenye shamba anachoma mabua ya mahindi. Beda Komba naye alichoma kila mwaka, kama alivyofanya baba yake. Kufukia mabua kwa jembe ni kazi ya wiki nzima. Kuchoma ni kazi ya saa moja.

Mwaka huo Beda alikuwa na haraka. Binti yake, Dorine, alikuwa amejifungua jana yake kwenye kituo cha afya cha kata. Mtoto alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Alikuwa mdogo sana, na alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni. Otilia, mke wa Beda, alikuwa huko akimwuguza binti yao. Beda alitaka amalize shamba, kisha awapelekee chakula.

Saa sita mchana, jua likiwaka, Beda akapiga kiberiti.

Mwanzoni moto ulikwenda alivyotaka. Ghafla upepo ukageuka. Moto ukaruka njia, ukaingia kwenye shamba la miti la jirani yake, Makarius. Misindano ile michanga, miti ya mbao, ikaungua kwa mlio mkali.

"Yesu wangu!" Beda alisema.

Alivunja tawi bichi akaupiga moto. Alipiga hapa, ukawaka pale. Nyusi zake ziliungua. Moto ulipanda kilima hadi kwenye nguzo ya umeme. Nyasi chini ya nguzo zilikuwa kavu na ndefu. Nguzo ikashika moto. Baada ya muda ikapasuka, ikainama, na nyaya zikaanguka chini zikirusha cheche.

Mbele kulikuwa na mawe matupu. Moto ukafia hapo.

Beda alitazama huku na huku. Hakuona mtu. Alikimbia mpaka nyumbani, akafunga mlango kwa komeo, akakaa chini. "Hakuna aliyeniona," alijiambia. "Wakiuliza, nitasema ni wawindaji."

Simu ikaita. Alishtuka kama mtu aliyeguswa na nyoka. Alikuwa Otilia, akilia.

"Baba Dorine, umeme umekatika! Mashine ya mtoto imezima!"

Beda alibana simu sikioni.

"Unanisikia? Nesi amempa oksijeni ya mtungi. Anasema mtungi utakwisha kabla ya jioni. Gari la wagonjwa limekwenda Songea na mtu mwingine. Mafundi wa umeme wanatafuta tatizo, wanaanzia huko Peramiho. Hawajui ni wapi!"

Mafundi hawakujua. Beda alijua.

Akisema, huenda akapelekwa polisi. Makarius atamdai miti yake. Kijiji kizima kitamnyooshea kidole. Asiposema, mafundi watakagua nguzo moja moja, na mtungi unakwisha.

Alimpigia simu Suzana Mapunda, mtendaji wa kijiji.

"Shikamoo mama mtendaji."

"Marahaba, Beda. Sema upesi, nina shida ya umeme hapa."

"Nguzo iko kilimani, nyuma ya miti ya Makarius. Imeungua. Nyaya ziko chini. Ni mimi niliyechoma."

Suzana akasema, "Nawapigia mafundi sasa hivi. Wewe rudi huko, simama mbali na nyaya, na usimruhusu mtu yeyote asogee. Waya ulioanguka unaweza kuua."

Beda alirudi. Alisimama mbali, akizuia watu waliokuja kutazama. Makarius naye alifika. Alitazama miti yake iliyokuwa nyeusi. Alishika shina moja lililoungua, akatazama masizi mkononi.

Mafundi walifika na gari lenye nguzo mpya. Walifanya kazi mpaka saa kumi na moja. Beda alishika simu mkononi, akiogopa kwamba italia, akiogopa pia kwamba haitalia. Mwishowe ikalia.

"Mashine imewaka," Otilia alisema. "Nesi alimlaza mtoto kifuani kwa Dorine, ngozi kwa ngozi, asipate baridi. Yuko hai, baba."

Beda alikaa chini kwenye majivu akalia.

Kesho yake aliitwa ofisini kwa mtendaji. Makarius alikuwepo.

"Baraza limeamua," Suzana alisema. "Utampandia Makarius miti yote iliyoungua, na utaitunza mpaka ishike."

"Nimekubali," Beda alisema. "Lakini mama, kila mtu anachoma. Ni shamba langu tu."

"Lako tu? Hebu sikiliza. Jana mashine za kusaga zilisimama vijiji vitatu. Mafundi wa kuchomelea walikaa bure. Miti ya Makarius ingetoa mbao, watu wangepata kazi, na kodi ingejenga shule. Ile nguzo mpya je? Ilikuwa iende kitongoji cha juu, ambako umeme haujafika. Sasa imeziba pengo lako. Mioto kama huu iko mingi kila mwaka. Nchi inarudia kujenga ilichokwisha kujenga."

Beda aliinamisha kichwa.

"Na wewe mwenyewe unapoteza," Makarius alisema. "Mabua ni mbolea. Unaichoma, halafu unalalamika kwamba udongo umechoka."

"Basi nifanyeje?"

"Fukia mabua mapema, udongo ukiwa bado na unyevu," Suzana alisema. "Lima kinga ya moto kuzunguka shamba, ukanda mtupu usio na jani. Kama ni lazima uchome, omba kwanza kibali ofisini. Choma asubuhi, upepo ukiwa umetulia, majirani wakiwepo na maji na matawi. Usiondoke mpaka majivu yapoe."

Mwaka uliofuata Beda alifukia mabua mwezi wa sita. Kazi ilikuwa nzito, na mgongo ulimwuma. Lakini jua lilipokatisha mvua mwezi wa pili uliofuata, mahindi yake yalibaki ya kijani. Majirani walikuja kuangalia. Mjukuu wake, Renatha, alikuwa ameanza kutembea. Kitongoji cha juu kilipata umeme.

Siku moja kijiji cha jirani kilimwita Beda kwenye mkutano aeleze habari za moto. Alisimama mbele ya watu. Hofu ilimrudia. Hata hivyo alisema.

"Ile nguzo iliyoungua, ni mimi niliyeichoma. Mjukuu wangu alikuwa kwenye mashine. Sasa shamba langu nimelizungushia kinga ya moto."

Mzee mmoja wa safu ya nyuma akanyanyua mkono.

"Hiyo kinga ya moto," aliuliza, "inalimwa upana gani?"

"Hatua kumi," Beda alijibu. "Chukueni majembe, twende nikawaonyeshe."