Sauti ya Mama Mdogo

Wakati wa chakula cha mchana, duka la supu lililo nyuma ya hospitali halikuwa na nafasi hata ya kuweka kiwiko. Mvua ilikuwa imewasukuma ndani watu wote wa mtaa ule wa Seoul. Mvuke wa mifupa ya ng'ombe ulikuwa umeziba vioo vya madirisha, miavuli ilichuruzika mlangoni, na juu ya makelele yote ilisikika sauti ya mwenye duka, mwanamke mnene wa makamo ambaye kila mteja, mzee kwa kijana, alimwita mama mdogo.

"Wewe wa koti la kijivu, sogea. Huyu dada akae hapo."

Wa koti la kijivu alikuwa Pyo Se-jun, daktari wa upasuaji, na alisogea bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. Dada aliyeketishwa mbele yake alivaa sweta la rangi ya haradali lililolowa mabegani. Katika duka lile mtu hakatai kula meza moja na asiyemjua. Mama mdogo ndiye apangaye.

Supu ilifika ikitokota kwenye bakuli jeusi la udongo. Se-jun alichukua jagi la maji baridi, akamimina ndani, akakoroga, akaanza kunywa kama mtu anayefukuzwa.

"Mifupa nimeichemsha tangu jana," mama mdogo alipaza sauti kutoka jikoni, "wewe unaimwagia maji ya jagi. Mama yako anajua unakula hivi?"

Duka zima lilicheka. Dada wa sweta la haradali alicheka pia, amefunika mdomo kwa kiganja.

"Wewe ni daktari wa upasuaji," alimwambia.

"Umejuaje?"

"Una alama nyekundu ya kofia ya upasuaji kwenye paji la uso. Halafu unakula kana kwamba supu itakukimbia."

Ndipo Se-jun alipomtazama vizuri. Alikuwa na macho ya upole yaliyochoka, na chini ya nywele zake fupi kulikuwa na mstari mwekundu ule ule. Alisema ametoka kumaliza zamu yake ya mwisho katika hospitali nyingine, na Jumatatu anaanza hapa, idara ya Profesa Gwak.

"Pole," alisema Se-jun, akimsogezea jagi. "Basi uanze kujifunza kula haraka."

Dada hakuligusa. Alikuwa bado anaipuliza supu yake wakati simu ya Se-jun ilipotetemeka, naye akaondoka mkono mmoja ukiwa ndani ya koti, bila kuuliza jina.

Jumatatu alilijua. Aliitwa Ma Na-rae. Na kwa kuwa Se-jun alimtangulia chuoni kwa mwaka, huko kazini Na-rae alimwita "mkubwa", kama desturi ilivyotaka. Miezi michache baadaye, walipokuwa wameanza kushikana mikono ndani ya mfuko wa koti lake, aliendelea kumwita hivyo hivyo kwa kumtania.

Mapenzi yao yaliishi kwenye simu, kwa sababu walipokutana ana kwa ana mmoja wao alikuwa ameshaanza kuondoka.

"Uko wapi, mkubwa?"

"Ghorofa ya tisa. Wewe?"

"Ya nne. Nimekununulia mkate wa maharage."

"Ule wewe, mpenzi. Profesa ananiita."

"Profesa akikuita hata kaburini utafufuka."

"Ukiniita wewe pia."

"Nimeshakuita. Mkate umepoa."

Kuhusu profesa Na-rae alisema kweli, na Se-jun alilijua hilo. Nafasi ya mhadhiri wa kudumu katika idara ilikuwa moja, ingetangazwa kabla ya Machi, na mwenye kuitoa alikuwa Profesa Gwak. Baba yake Se-jun, fundi wa majokofu, alikuwa ameshawaambia majirani kwamba mwanawe atakuwa profesa. Kwa hiyo Se-jun alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Katika karamu za idara aligeuza uso pembeni kwa heshima kila alipokunywa mbele ya profesa, na kicheko chake hakikuwahi kuchelewa. Na-rae naye alistahili nafasi ile. Hawakuwahi kulizungumza. Lilikaa kati yao kama mtu wa tatu kwenye meza.

Majani ya miti ya ginko barabarani yalipogeuka manjano, mama mdogo alipatikana na uvimbe kwenye tezi ya shingo. Wagonjwa walingoja muda mrefu mno kupata mkono wa Profesa Gwak, lakini Se-jun aliomba, na jina la mama mdogo likasogezwa mbele. Usiku wa kuamkia upasuaji, Se-jun na Na-rae walimpitia wodini. Mama mdogo alionekana mdogo kweli katika mavazi ya wagonjwa, na alimshika Se-jun mkono.

"Atanipasua yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, mama mdogo."

Na-rae alitazama sakafu.

Maana katika chumba cha upasuaji kila mtu alikuwa na mahali pake. Profesa alisimama kulia kwa mgonjwa, mkubwa anayemfuata ng'ambo ya meza, mdogo pembeni akishikilia kingo za jeraha. Profesa alipotoka, na alitoka mara nyingi, wote walisogea nafasi moja bila kuambiwa. Aliporudi, walirudi. Nje, familia zilizokuwa zikingoja hazikujua.

Asubuhi ile profesa alikata ngozi, akaufikia uvimbe, kisha muuguzi akamnong'oneza kwamba wageni wake kutoka nje ya nchi wamefika ukumbini. Alivua glavu.

"Endeleeni."

Wakasogea. Se-jun alichukua mahali pa kulia, Na-rae akachukua mahali pa Se-jun. Kazi ilikwenda vizuri, tena haraka. Se-jun alitaka profesa akirudi akute imekwisha. Mkasi wake ulipita chini ya uvimbe, ukakata kitu chembamba cheupe. Ilikuwa neva ya sauti, mshipa wa fahamu unaoongoza sauti kooni. Waliiunga kwa uzi mwembamba kuliko unywele, lakini wote walijua kwamba neva iliyokatwa hairudi kuwa ile ya kwanza.

Mama mdogo alipozinduka, kilichotoka kooni mwake kilikuwa pumzi tu. Profesa Gwak alimweleza mumewe, Bwana Bong, kwamba uvimbe ulikuwa umeikumbatia neva na hapakuwa na njia nyingine. Bwana Bong aliinama hadi kiunoni, akamshukuru. Se-jun, aliyesimama nyuma ya profesa, aliinama pia.

Tangu siku ile hakutulia. Alinawa mikono hadi ikapasuka. Alikwepa uchochoro wa duka la supu, akala mikate ya pakiti kwenye ngazi. Na-rae alipojaribu kulizungumza, alisema baadaye, na baadaye yake haikufika.

Kisha malalamiko yakaingia kwenye kamati ya maadili: familia ya Bong ilisema profesa hakuwamo chumbani. Profesa Gwak alimwita Se-jun ofisini, akamwekea chai mbele, akazungumza kwa sauti ya baba. Alisema kamati itauliza nani alikuwa ameshika mkasi, na jibu ni rahisi: profesa mwenyewe. Alisema pia kwamba waliojua walikuwa wachache sana.

"Nafasi ni moja, Se-jun. Ukianguka, nani anainuka?"

Se-jun aliteremka ngazi kwa miguu, akapiga simu kabla hajafika chini.

"Ni wewe uliyewaambia?"

"Niliwaambia nini?"

"Usijifanye hujui, Na-rae. Kina Bong. Nani mwingine angejua?"

Upande wa pili palikuwa na mlio wa mashine ya mgonjwa, kisha mlango ukafungwa.

"Unadhani nataka kiti chako?"

"Nauliza tu."

"Hapana. Huulizi. Siyo mimi. Na nikiwaza yule mama anavyopumua akitaka kusema, natamani ningekuwa mimi niliyewaambia."

Akakata. Siku zilizofuata walipishana kwenye korido wakiinamiana kama wageni, na kwenye meza ya upasuaji Na-rae alimwambia "Ndiyo, Daktari Pyo" kwa heshima iliyomchoma Se-jun kuliko tusi.

Siku moja kabla ya kikao cha kamati, miguu ya Se-jun ilimpeleka yenyewe kwenye uchochoro wa duka la supu. Ilikuwa saa ya alasiri, duka tupu. Mama mdogo alikuwa jikoni amempa mgongo, skafu ya pamba shingoni. Bwana Bong alimletea supu, akaketi mbele yake kama anayezungumza na ndugu.

Alieleza kwamba mkewe sasa anapiga kata kwenye sufuria akitaka kumwita, na wateja wengine wanadhani ana hasira. Halafu, akifuta meza iliyokwisha kufutwa, alisimulia ya siku ile. Alikuwa ameshuka ukumbini kutafuta maji, akamwona profesa amesimama na wageni, ameshika kikombe cha kahawa, anacheka.

"Nikamwinamia. Naye akaniinamia. Nikajua basi, mke wangu ametoka salama. Nikapanda juu mbio, nikatazama ile skrini ya majina. Bado inasema yumo ndani, anapasuliwa. Nikadhani mashine imekwama."

"Hukumuuliza?"

"Nitamuulizaje profesa?" Bwana Bong alishangaa kweli. "Ni mpwa wangu aliyesema tulalamike. Mimi naona haya. Labda wewe unajua, daktari. Nani alikuwa na mke wangu mle ndani?"

Hakuna aliyekuwa ametoa siri. Profesa mwenyewe alijionyesha, na akaipokea shukrani ya mtu ambaye mkewe alikuwa bado wazi mezani. Se-jun alimkumbuka Na-rae na mlango uliofungwa kwenye simu. Angeweza hata sasa kusema hajui. Kesho angejibu lile jibu rahisi, na baba yake angepata profesa.

Aliinuka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, uso ukielekea jikoni.

"Ni mimi, mama mdogo. Profesa alitoka, mimi nikakata. Uvimbe haukuikumbatia neva. Nilikuwa na haraka."

Kata ilisimama hewani. Bwana Bong alikaa na kitambaa mkononi. Mama mdogo alitoka polepole, akamwinamia Se-jun karibu sana, kwa kuwa pumzi yake haikufika mbali.

"Uliniambia yeye mwenyewe."

Ndilo neno pekee alilosema. Se-jun alilia pale chini, na hakuna aliyemwinua.

Jioni alimpigia Na-rae. Simu ililia sana kabla ya kupokelewa.

"Ni Bwana Bong aliyemwona profesa ukumbini," alisema. "Nilikukosea. Kesho nitasema ukweli, na sikuombi chochote."

Alimsikia Na-rae akivuta pumzi. "Kikao kinaanza saa ngapi?"

Se-jun alimkuta asubuhi nje ya mlango wa kamati, amevaa suti nyeusi, mkono wa shati umejikunja ndani ya koti. Se-jun alinyoosha mkono kuurekebisha, akasita, akaurudisha.

"Niliiona," Na-rae alisema kabla hajasalimiwa.

"Uliona nini?"

"Neva. Kabla hujaikata. Ilikuwa nyeupe, chini ya ncha ya mkasi wako. Nilifungua mdomo ndani ya barakoa, nikajiambia huyu ni mkubwa wangu, yuko mahali pa profesa, na wauguzi wanatazama. Sikutaka kukuaibisha." Machozi yalimjaa lakini hakuyafuta. "Neno moja tu, Se-jun. Ungesimama."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina bila cheo. Se-jun aliurekebisha ule mkono wa shati. Mlango ulipofunguliwa akaingia, na alipotoka, Na-rae akaingia bila kuitwa.

Profesa Gwak alisimamishwa kwa muda, na wapo waliosema atarudi. Kiti cha mhadhiri kilibaki kitupu. Se-jun alizuiwa kupasua kwa miezi miwili; baada ya hapo hospitali ndogo ya pwani ya mashariki, ambako madaktari wa Seoul hawapendi kwenda, ilikubali kumchukua. Baba yake hakuzungumza naye wiki nzima, kisha akamtumia soksi nzito. Na-rae alipewa onyo, akabaki idarani. Wanaofanya kazi naye wanasema kabla ya kukata huwatazama wadogo wote mmoja mmoja, akiwaambia atakayeona kitu aseme.

Mchana wa Februari, basi la Se-jun la kwenda pwani likiwa la jioni, aliingia duka la supu na sanduku lake. Palijaa kama siku ile. Alisimama mlangoni, hajui kama anakaribishwa, mpaka kata ilipogonga sufuria. Mama mdogo alikuwa anamtazama. Kwa ile kata alimwonyesha meza ya pembeni, alipoketi dada mmoja mwenye sweta la rangi ya haradali. Kisha akamwonyesha yule dada asogee.

"Samahani," Se-jun alisema, "nimeambiwa nikae hapa."

"Hapa mtu hakatai," alijibu Na-rae, akitazama bakuli lake.

Supu ya Se-jun ilikuja ikitokota. Kwa mazoea mkono wake ulikwenda kwenye jagi. Kata ikagonga sufuria kwa nguvu hata wateja wakageuka. Aliliacha jagi, akaweka mikono mapajani.

"Huko pwani wanapungukiwa na madaktari?" Na-rae aliuliza.

"Sana. Lakini usije kwa ajili hiyo."

"Kwa ajili ya nini basi?"

Se-jun alitazama mvuke ukipanda kati yao. Mguu wake, uliozoea kutikisika chini ya kila meza, ulikuwa umetulia.

"Nikikuomba tuoane, Na-rae, utasema nini?"

"Basi lako ni la jioni?"

"La jioni."

"Basi acha supu ipoe kwanza," alisema, akaliweka jagi upande wake, mbali na mkono wa Se-jun. "Nitakujibu tukiwa tumekula."

Wakakaa wakaingoja.