Fomu ya Wiki Nzima

Kila Jumatatu asubuhi, mtunza friji ya chanjo alimaliza kazi ya wiki nzima kwa dakika moja. Alichukua kalamu. Akaandika tano, tano, tano, mpaka visanduku vyote vya fomu vikajaa, asubuhi na jioni, hadi Jumapili. Kisha akafunika kalamu yake na kusema alhamdulillahi.

Friji ilikuwa katika chumba kidogo cha zahanati, nyuma ya mizani ya kupimia watoto. Kazi haikuwa ngumu. Atazame kipimajoto asubuhi na jioni, aandike nyuzi alizoziona. Zisipungue mbili, zisizidi nane. Lakini kila alipotazama aliona tano, miaka nenda miaka rudi, mwisho akaacha kutazama. Muda alioupata aliutumia kuwahi msikitini, akae safu ya mbele. Wenzake walimwita Ustaadh, naye jina hilo lilimpendeza sana.

Jumatano moja alimkuta mfagiaji ananung'unika mlangoni.

"Jana umeme ulikatika saa kumi, ulipotoka tu. Umerudi alfajiri hii. Nimedeki gizani kama popo!"

Ustaadh alikwenda mbio kwenye friji. Kipimajoto kilionyesha nyuzi saba. Akashusha pumzi. Halafu akakumbuka kwamba saba ni ya sasa. Je, usiku kucha ilikuwa ngapi? Akaitazama fomu. Jana jioni, tano. Leo asubuhi, tano. Mwandiko ni wake, lakini hata yeye hakujua ukweli. Kesho jioni nayo ilikwisha kuwa tano.

Na kesho, Alhamisi, ilikuwa siku ya chanjo.

Hakumwambia mtu. Siku nzima alifungua mlango wa friji, akaufunga, akaufungua tena. Nyumbani alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Wewe mzee, kiti kina miiba?" mkewe aliuliza.

Binti yao alikuwa sakafuni, anakunja nguo za mwanawe mchanga. "Baba, kesho tutaongozana. Mjukuu wako anachomwa sindano."

"Msije kesho," Ustaadh alisema haraka. "Njooni wiki ijayo."

"Kwa nini?"

"Kutakuwa na watu wengi."

Mkewe alimtazama usoni. Alimjua mume wake kwa miaka thelathini. "Kama kuna jambo baya huko, mbona unamzuia mjukuu wako peke yake? Watoto wa wenzako je?"

Ustaadh alichukua kofia yake akatoka.

Msikitini, katika swala ya magharibi, mwili ulikuwepo lakini akili ilikuwa kwenye friji. Baada ya swala mwadhini alimfuata nje. Mwadhini huyu alikuwa jirani yake, na kazi yake ilikuwa ufundi wa saa.

"Ustaadh, leo umemtangulia imamu mara mbili. Una nini?"

Ustaadh alijikuta amesema yote. Mwadhini alimsikiliza huku akikuna ndevu.

"Kwa hiyo unajaza wiki nzima siku ya Jumatatu?"

"Huwa ni tano tu, jirani. Siku zote."

"Basi na mimi niadhini adhana zote thelathini na tano Jumatatu asubuhi, kisha nikalale!"

Ustaadh alianza kucheka. Akaacha katikati.

"Lakini sikwenda kucheza karata," alijitetea. "Nilikuja msikitini."

"Hilo ndilo linaloniuma. Muda wa kuswali kazini wamekupa. Wewe ulitoka nusu saa kabla, upate safu ya mbele. Nusu saa ile ni ya kazi. Ni amana. Mtume wetu ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu anapenda mtu anapofanya kazi aifanye vizuri, aikamilishe. Kule chumbani hakuna mtu anayekuona. Lakini Mwenyezi Mungu anakuona pale kama anavyokuona hapa. Ikhlasi, yaani nia safi, si ya msikitini tu."

"Na wakinifukuza kazi?"

"Huenda wakakufukuza. Siwezi kukudanganya. Lakini kesho watoto wanachomwa sindano."

Ustaadh hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa muuguzi mkuu, aliyekaa jirani na zahanati.

"Sista, fomu yangu ni ya uongo," alisema kabla hata ya kukaribishwa.

Sista hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alichukua funguo, wakaenda kufungua friji. Akainua kichupa kimoja kwenye mwanga.

"Unaona alama hii? Kuna duara, na ndani yake kuna mraba mdogo. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, joto halijaiharibu chanjo. Ukilingana na duara au ukiwa mweusi zaidi, haifai tena. Tazama hiki."

Mraba ulikuwa umelingana na duara. Ustaadh alichukua kichupa kingine, nacho kilikuwa vilevile.

"Chanjo iliyoharibika haimkingi mtoto," Sista aliendelea. "Mama anarudi nyumbani akiwa na amani. Ugonjwa ukija, unamkuta mtoto hana kinga. Anayeweza kutuonya mapema ni wewe, kwa namba unazoandika."

Vichupa vyote walivitenga na kuviandika: visitumike. Sista akapiga simu kwa wakubwa kuomba vingine.

Asubuhi akina mama walipofika, Ustaadh alisimama mlangoni akawaeleza mwenyewe kosa lake. Binti yake alikuwa kati yao, amempakata mtoto, kichwa ameinamisha.

"Nimetembea saa nzima na mtoto mgongoni!" mama mmoja alifoka.

"Una haki, dada yangu. Nisamehe."

Alipewa barua ya onyo kali. Fomu ya wiki ile hakuichana. Alikata kila tano ya uongo, akaandika kando: haikusomwa.

Chanjo mpya zilifika Jumatatu. Wiki mbili baadaye alisoma tisa asubuhi, akamwita Sista hapo hapo. Mlango wa friji haukuwa umefungwa vizuri. Waliwahi, na chanjo zikapona.

Siku hizi Ustaadh huswali asiri safu ya nyuma, na hulala usingizi. Binti yake alipomleta mtoto kwa sindano ya pili, Alhamisi, aliisoma fomu ukutani. Sita, nne, tano, saba. Kisha akaona visanduku vitupu.

"Baba, hivi umesahau kuvijaza?"

"Hivyo ni vya kesho, mwanangu," alisema Ustaadh. "Kesho sijaiona."